Maabara Upande wa Pili wa Ua: Kisa cha Shule ya Msingi Iliyopokea Gredi ya Saba

Jina la shule, kaunti iliko na majina ya wahusika yameondolewa, na maelezo machache ya mandhari yamebadilishwa ili shule isitambulike. Maamuzi ya serikali, tarehe zake na viwango vya fedha vimeachwa vilivyo kwa sababu bila hivyo kisa hakieleweki. Walengwa ni walimu wakuu, wanachama wa bodi za shule na maafisa wa elimu, watu ambao kazi yao ni kutekeleza mabadiliko waliyoyasikia redioni kama wananchi wengine.

## Usuli

Kenya ilidumu na mfumo wa 8-4-4 tangu 1985. Mtoto alisoma miaka minane shule ya msingi, akafanya KCPE, na alama za mtihani huo zikaamua atakwenda sekondari gani, au kama atakwenda kabisa. Mtaala wa umilisi, ambao wengi wanaujua kama CBC, ulianza kufanyiwa majaribio 2017 na ukaingia madarasa ya chini kote nchini Januari 2019. Hata kuingia kwake kulikuwa kwa kusuasua: Desemba 2018 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Amina Mohamed, alitangaza kwamba ungeahirishwa, kisha baada ya wiki chache ukaendelea. Mfumo mpya ni 2-6-3-3-3: miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari pevu na mitatu ya elimu ya juu.

Miaka mitatu ya katikati, gredi ya saba hadi ya tisa, ndiyo iliyoleta utata. Ingefundishiwa wapi? Chini ya Waziri George Magoha jibu lilikuwa shule za sekondari, na mpango wa kujenga madarasa 10,000 ukaanza kutekelezwa katika viwanja vya shule hizo. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 Rais William Ruto aliunda jopokazi la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu. Ripoti ya awali ya jopo hilo, Desemba 2022, ilisema watoto hao wabaki shule za msingi. Wakati huo walikuwa ndio kwanza wamemaliza KPSEA, tathmini ya gredi ya sita. Waliripoti gredi ya saba Januari 30, 2023. Walimu wakuu wa shule za msingi walipata chini ya miezi miwili, likizo ya Krismasi ikiwa ndani yake, kujiandaa kuendesha kiwango cha elimu ambacho hawakuwahi kukiendesha.

Shule ya kisa hiki ni ya umma, ya kutwa, mashambani. Inapakana na shule ya sekondari ya kutwa. Kati yao kuna ua wa michongoma na kijilango ambacho watoto hukitumia kufupisha njia. Upande wa sekondari kuna maabara moja na darasa jipya lililojengwa 2022 kwa ajili ya watoto wa gredi ya saba ambao hatimaye hawakuja. Upande wa msingi hakuna maabara. Mwalimu mkuu wa msingi ni mtu wa cheti cha ualimu wa shule za msingi, P1, aliyejiendeleza hadi diploma, mwenye uzoefu mrefu na anayeheshimiwa na wazazi. Naibu wake ana shahada aliyoipata kwa kusoma wakati wa likizo, kama walimu wengi wa msingi walivyofanya miaka hiyo.

## Muhula wa kwanza, 2023

Watu wengi waliolalamika wakati ule walilalamikia madarasa. Hapa vyumba vilitosha, na ukihesabu utaona ni kwa nini. Mwaka 2022 shule ilikuwa na darasa la saba na la nane. Mwaka 2023 ilikuwa na gredi ya saba na darasa la nane, kundi la mwisho la KCPE. Mwaka 2024 ikawa na gredi ya saba na ya nane. Idadi ya vyumba ilibaki ile ile hadi 2025, gredi ya tisa ilipoongezeka. Hoja ya jopo la Munavu kwamba shule za msingi zingekuwa na nafasi ilikuwa sahihi kwa miaka miwili ya kwanza.

Kilichokosekana kilikuwa walimu. Mtaala wa sekondari msingi ulipoanza ulikuwa na masomo 12 ya lazima, na ya hiari moja au mawili juu yake. Shule ilipokea mwalimu mmoja kutoka Tume ya Huduma kwa Walimu, aliyesomea Baiolojia na Kemia. Wa pili alikuja baadaye, mwanagenzi, yaani mwalimu asiye na ajira ya kudumu, aliyesomea Hisabati na Biashara. Vitabu vilichelewa, na fedha za mgao zikachelewa pia.

Fedha zilipofika zilileta jambo ambalo mwalimu mkuu hakulitarajia. Mgao wa mtoto wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Wa sekondari msingi ni Sh15,042. Watoto wawili wa mama mmoja, wanaotoka nyumba moja asubuhi na kupita lango moja, mmoja gredi ya sita na mwingine ya saba, sasa walikuwa na thamani mbili tofauti kabisa katika vitabu vya hesabu. Fedha za sekondari msingi zina akaunti yake na haziruhusiwi kuziba mashimo ya upande wa msingi. Mwalimu mkuu ndiye mhasibu wa pande zote mbili. Walimu wa msingi waliona chaki, karatasi na printa vikinunuliwa kwa ajili ya darasa moja, huku wao wakiendelea kuomba. Walimu wa sekondari msingi nao waliona fedha zinazotajwa kwa jina la wanafunzi wao zikiidhinishwa na mtu ambaye, kwa maoni yao, hakuwa na sifa za kuwa mkubwa wao.

Hata kengele iligombaniwa. Kipindi cha gredi za juu za msingi ni dakika 35, cha sekondari msingi ni dakika 40. Kengele moja haiwezi kuitumikia ratiba hizo mbili. Kufikia katikati ya muhula walimu wa sekondari msingi walikuwa wamehamia stoo ya zamani ya vitabu wakaifanya majilisi yao, yaani chumba cha walimu, wakawa na rejesta yao ya mahudhurio, na wakaacha kufika gwaridani.

## Maamuzi matatu ya mwalimu mkuu

La kwanza lilihusu vipindi. Badala ya kuwaacha walimu wawili wajifanye kufundisha masomo 12, alimwomba naibu wake na mwalimu mwingine mwenye shahada wafundishe Kiswahili, Maarifa ya Jamii na Elimu ya Dini katika gredi ya saba. Alijua kwamba vipindi vyao vya gredi ya tano na ya sita vingebaki na pengo. Hoja yake ilikuwa kwamba gredi ya saba ni kundi la kwanza nchini, halina wakubwa wa kuliuliza, na likiharibika wazazi wataukataa mtaala mzima. Wazazi wa gredi ya tano hawakuulizwa.

La pili lilihusu majilisi. Hakuwafukuza walimu kwenye stoo wala hakuandika barua za onyo. Kengele aliiacha iwe ya upande wa msingi. Sekondari msingi wakafuata saa. Alichokataa ni gwaride mbili na mikutano miwili. Pia alimpa mwalimu wa Baiolojia usimamizi wa ununuzi wote wa vifaa vya sayansi vya shule nzima, pamoja na vile vya gredi ya nne, ya tano na ya sita. Uamuzi huu wa mwisho ulionekana mdogo, lakini matokeo yake yalidumu kuliko ya mingine yote: mwalimu huyo alilazimika kuzungumza na walimu wa msingi kila wiki, nao wakaanza kumwona kama mtu anayewaletea vitu.

La tatu ndilo la kisa hiki. Mwalimu mkuu alivuka kile kijilango akaenda kumwona mkuu wa sekondari jirani. Waliwahi kufanya kazi pamoja kwenye kamati za michezo na walikuwa wakiheshimiana. Walikubaliana gredi ya saba itumie maabara alasiri moja kila wiki, siku ambayo kidato cha kwanza huwa uwanjani. Msingi wangenunua kemikali zao wenyewe, na mwalimu wa Baiolojia angebaki na ufunguo kwa saa hizo tu. Hawakuandikiana chochote. Kuandika kungelazimu bodi mbili kukutana, ofisi ya kaunti ndogo kuulizwa, na swali la nani analipa glasi ikivunjika kujibiwa na watu ambao hawakuwa na haraka ya kujibu. Watoto walihitaji maabara wiki ile.

Mwaka 2023 mpango huo ulifanya kazi vizuri. Sayansi Jumuishi ya gredi ya saba ina usalama wa maabara, vifaa, michanganyiko, asidi na besi. Watoto waliyafanya hayo kwa mikono yao. Shule nyingine za eneo hilo zilikuwa zikichora bika na chupa ubaoni.

## Mwaka wa pili

Mwaka 2024 mtaala ulipunguzwa mzigo: masomo ya sekondari msingi yakawa 9. Ratiba ikapumua, naibu akarudi sehemu kubwa ya vipindi vyake gredi ya sita. Ungedhani mambo yangetengemaa.

Mkuu wa sekondari jirani alihamishwa mwanzoni mwa mwaka. Mrithi wake alikuta watoto wa shule nyingine wakiingia maabara yake kila wiki, hakuna barua katika faili yoyote, na watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wanajiandaa kwa mitihani ya vitendo. Aliuliza mtoto akiungua nani atawajibika. Hakuna aliyekuwa na jibu lililoandikwa. Akaufunga mlango. Kwa nafasi yake, na kwa sheria alizozijua, sioni angefanya nini tofauti wiki ile ya kwanza.

Kisha Aprili 17, 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka Katiba. Wanagenzi wa sekondari msingi, waliokuwa wakilipwa Sh20,000 kabla ya makato, walisubiri mabadiliko, hayakuja upesi, na Mei wakaingia barabarani kote nchini. Katika shule hii kufikia wakati huo wanagenzi walikuwa wengi kuliko walimu wa kudumu upande wa sekondari msingi. Kwa wiki kadhaa mwalimu wa Baiolojia alibaki karibu peke yake na gredi mbili.

Chama cha wazazi kilitaka kuchanga fedha ili kuajiri vibarua. Mwalimu mkuu alikataa. Alisema vibarua wangeonekana kama waliokuja kuvunja mgomo, na wanagenzi wakirudi wangelikuta jeraha ambalo yeye angeliuguza miaka. Gredi ya saba na ya nane ziliunganishwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Dini, walimu wa msingi wakasimamia. Sayansi Jumuishi na Masomo ya Kiufundi, kusema kweli, hayakufundishwa.

## Alama ambazo hazikuwapo

Hapa ndipo sera ya taifa na uhalisia wa shule viligongana waziwazi. Mtoto anapotoka gredi ya tisa, uwekwaji wake sekondari pevu huhesabiwa hivi: KPSEA asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi ya tisa, asilimia 60. Tathmini za shuleni ni kazi za vitendo ambazo mwalimu huzitazama zikifanyika, akazipima, kisha akapakia alama kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Tovuti inataka tarakimu katika kila kisanduku. Haiulizi kama mwalimu alikuwa mgomoni au maabara ilikuwa imefungwa.

Wanagenzi waliporudi, pendekezo lililozunguka kwenye stoo lilikuwa kila mtoto apewe alama kulingana na jinsi mwalimu anavyomjua. Si pendekezo la watu wavivu. Walimu waliwafahamu watoto wao, na walihofia kwamba shule ikichelewa, watoto ndio watakaoadhibiwa. Mwalimu mkuu alikataa tena. Alitoa siku tano nzima, akafuta ratiba ya kawaida ya gredi hizo mbili, na kila kazi ya tathmini ikafanywa upya mbele ya mwalimu: ya kilimo kwenye bustani ya shule, ya kiufundi chini ya mwembe kwa zana zilizoazimwa kwa fundi seremala wa sokoni. Ya sayansi ilifanywa kwa vifaa vilivyonunuliwa kwa mgao, ndoo na majiko ya gesi, darasani. Alama zilizopatikana zilikuwa za chini kuliko ambazo walimu wangekisia. Zilipakiwa hivyo hivyo, na baadhi ya wazazi waliposikia kwamba shule jirani zimepakia alama nono, walikuja ofisini wakiwa na hasira.

## Matokeo

Januari 2025 wanagenzi wa shule walipata ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni, na msukosuko wa majilisi ukapungua sana. Gredi ya tisa ilianza mwaka huo huo. Serikali ilikuwa imetangaza ujenzi wa madarasa 16,000 kwa ajili yake nchini. La shule hii lilichelewa kukamilika, na kwa muda gredi ya tisa ilikaa kwenye ukumbi uliogawanywa kwa mbao. Darasa la 2022 upande wa pili wa ua lilikuwa limekwisha kugeuzwa ofisi ya idara na chumba cha kompyuta.

Katikati ya mwaka watoto walichagua mikondo ya sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wale wa kundi la kwanza, waliopata mwaka mzima wa maabara wakiwa gredi ya saba, waliuchagua mkondo wa sayansi kwa wingi, wasichana wakiwamo. Kundi lililofuata, lililoanza 2024 mlango ukiwa umefungwa, lilipoulizwa na walimu lilikuwa likiegemea sayansi za jamii. Makundi mawili ya shule moja hayatoshi kuthibitisha chochote, na sababu nyingine zipo, lakini walimu wa shule wanaamini maabara ina mkono. Kundi la kwanza lilifanya KJSEA mwishoni mwa 2025 na kuripoti gredi ya kumi Januari 2026.

Gredi ya tano ya mwaka 2023, iliyokopwa walimu wake, iliyumba katika Kiswahili kwa mwaka mzima uliofuata. Hili halimo katika ripoti yoyote ya shule. Nimelisikia kwa mwalimu wa darasa.

## Uchambuzi

Mjadala wa kitaifa umezunguka swali la mahali: msingi au sekondari. Kwa maoni yangu jopo la Munavu lilichagua mahali sahihi. Mtoto wa miaka 12 anayelala kwao na kutembea hadi shule anayoijua yuko salama kuliko yule anayepelekwa bweni la watu wa miaka 17, na gharama kwa mzazi ni ndogo zaidi. Kasoro ilikuwa kwamba mahali palitangazwa mamlaka yakiwa hayajagawanywa. Nani anamsimamia mwalimu mwenye shahada ndani ya shule inayoongozwa na mtu wa diploma? Fedha za akaunti mbili zinakutana wapi, kama zinakutana? Maabara iliyojengwa kwa kodi ya wananchi wale wale ni ya shule moja au ya watoto wa eneo? Jopo lenyewe lilipendekeza baadaye shule jumuishi, chekechea hadi gredi ya tisa chini ya uongozi mmoja, ila walimu wa sekondari msingi wamekuwa wakidai kujitegemea, na vyama vya walimu vinavutana kuhusu nani awasimamie.

Katika ombwe hilo mwalimu mkuu alifanya anachofanya kila kiongozi mzuri wa shule ya umma: alitumia sura yake. Maabara, zana za fundi seremala, utulivu wa majilisi, vyote vilipatikana kwa sababu watu walimjua. Ndiyo maana mwaka wa kwanza ulipendeza, na ndiyo maana uhamisho wa mtu mmoja ulitosha kuuvunja. Walimu wakuu huhamishwa mara kwa mara Kenya. Mpango usioweza kuvumilia uhamisho una umri mfupi tangu siku unapozaliwa. Angeandika ukurasa mmoja tu, hata baada ya wiki ya kwanza, watoto wakiwa tayari ndani ya maabara, bodi zingekuwa na kitu cha kuridhia au kukataa. Kuanza kwa mdomo kulikuwa sawa. Kosa ni kubaki hapo mwaka mzima.

Kuhama kwa walimu wa gredi ya tano ni jambo gumu zaidi kulihukumu. Naelewa hoja ya kundi la kwanza. Hata hivyo uamuzi ulihamisha uhaba kutoka kwa watoto wanaotazamwa na taifa zima kwenda kwa watoto wasiotazamwa na mtu, na ulifanywa bila wazazi wao kujua. Kugawa pengo kwa gredi tatu, vipindi viwili hapa na vitatu pale, kungekuwa na haki zaidi na ratiba ingewezekana.

Kuhusu alama, wenzangu kadhaa husema mwalimu mkuu aliwaponza wanafunzi wake kwa uadilifu ambao wengine hawakuwa nao. Ni kweli kwamba katika ushindani wa nafasi, alama halisi hushindana na alama zilizokisiwa, na mfumo hauna njia nzuri ya kuzitofautisha. Lakini angepakia makisio, mwalimu wa gredi ya tisa asingejua kwamba watoto hawa hawajawahi kuchanganya asidi na besi tangu wafike gredi ya nane. Kwa sababu alama zilikuwa za kweli, muhula wa kwanza wa 2025 ulianza kwa kurudia kazi za vitendo zilizoruka. Baraza la Mitihani likitaka asilimia hizo 20 ziwe na maana, fomu yake inahitaji kisanduku cha kusema kazi haikufanyika na kwa nini, na shule isiadhibiwe kwa kukijaza.

Uamuzi wa kumpa mwalimu wa Baiolojia ununuzi wa vifaa vya shule nzima ningeunakili popote. Uliwaunganisha walimu kwa kazi, wakati mikutano ya kuhimiza umoja ilikuwa imeshindwa, na haukuhitaji idhini ya ofisi yoyote.

Bodi za shule zote mbili sasa zina rasimu ya makubaliano ya maabara: alasiri moja kwa wiki, kemikali kwa gharama ya mgao wa sekondari msingi, fundi wa maabara wa sekondari alipwe posho kutoka fungu hilo hilo, vifaa vikivunjika vilipwe na upande uliokuwa ukivitumia. Vifungu hivyo havina mgogoro. Kinachojadiliwa bado ni wiki za mitihani ya vitendo ya KCSE, ambapo sekondari inataka maabara ifungwe kwa wengine kwa mwezi mzima na msingi inaomba iwe wiki mbili.